Afya ya Dunia: Somo la Kuongeza Juu ya Digrii Yako, kwa Mifano ya Singida

Kuna neno la Kimakonde ambalo leo linatamkwa na madaktari wa Brazil, India na Ufaransa, wengi wao bila kujua Newala iko upande gani wa ramani. Neno hilo ni chikungunya. Ugonjwa huo ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza baada ya mlipuko wa mwaka 1952 katika uwanda wa Wamakonde, kusini mwa nchi yetu, na jina lake linasimulia jinsi mgonjwa anavyojikunja kwa maumivu ya viungo. Wanakijiji walitoa jina. Vipimo, chanjo na vitabu vimetoka kwingine.

Nimeanza na neno hilo kwa sababu ya maswali mawili ninayoulizwa hosteli kila nikisema nasoma takwimu huku naongeza afya ya dunia pembeni. La kwanza: "Kwani unataka kwenda Ulaya?" La pili: "Hayo si mambo ya madaktari, wewe wa namba unaingiaje?" Maswali yote mawili ni ya haki. Nitayajibu kwa mifano ya mkoa wangu wa Singida na majirani zake, kisha nieleze namna mwanafunzi wa digrii yoyote anavyoweza kuliongeza somo hili bila kuharibu GPA yake wala kumaliza bumu.

Somo lenyewe ni nini?

Tutofautishe mambo matatu ambayo watu huyachanganya. Tiba inamhusu mgonjwa mmoja aliyekaa mbele ya daktari. Afya ya jamii inahusu kundi zima: kijiji, wilaya, nchi. Inauliza kwa nini kata hii ina kuhara kuliko kata ile. Afya ya dunia inachukua swali hilohilo na kulivusha mpaka. Inaangalia matatizo ambayo chanzo chake au ufumbuzi wake hauwezi kubaki ndani ya nchi moja, na inauliza kwa nini ugonjwa ambao umeshapata dawa bado unawasumbua baadhi ya watu na wengine umewaachia.

Historia yake inafaa kujulikana kwa ufupi. Mwishoni mwa karne ya 19 wakoloni walianzisha vyuo vya tiba ya nchi za joto, Liverpool mwaka 1898 na London mwaka 1899. Shabaha kubwa ilikuwa kulinda maofisa wao, askari wao na nguvukazi ya makoloni. Baada ya Shirika la Afya Duniani kuanza kazi mwaka 1948, lugha ikabadilika ikawa afya ya kimataifa, yaani serikali kwa serikali. Mwaka 1978, kwenye mkutano wa Alma-Ata katika Umoja wa Kisovieti wa wakati huo, nchi zikakubaliana kwamba msingi uwe huduma ya afya ya msingi karibu na wananchi. Kisha UKIMWI ukaonyesha kwamba virusi havigongi muhuri wa pasipoti, na mifuko mikubwa kama Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria ukaanzishwa mwaka 2002.

Katikati ya historia hiyo sisi tuna ukurasa wetu. Mwaka 1973, miaka mitano kabla ya Alma-Ata, Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu, wakajadiliana, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Walioshika usukani walikuwa watu wa elimu ya watu wazima na watangazaji wa redio wakishirikiana na watu wa afya. Kwa hiyo anayesema haya ni mambo ya madaktari peke yao, aulizie nyumbani kwa babu na bibi.

Mfano wa kwanza: vikope na ndoo ya maji

Trakoma, ambayo wazee wetu wengi wanaijua kama vikope, ni maambukizi ya bakteria machoni. Mtoto anaambukizwa tena na tena kupitia vidole, nguo na inzi wanaofuata tongotongo. Miaka inapita, kovu linavuta ukope kuelekea ndani, kope zinakwaruza mboni, na mtu mzima anaishia kipofu. Wanawake huathirika zaidi kwa kuwa wao ndio wanaokaa na watoto. Kanda ya kati, Dodoma na Singida, ilikuwa miongoni mwa sehemu za nchi zilizosumbuliwa sana.

Utafiti mkubwa ulifanyika jirani zetu Kongwa kuanzia miaka ya 1980. Watafiti walishajua kwamba uso msafi unapunguza maambukizi. Kuwaambia akina mama "osheni watoto nyuso" ni rahisi, lakini kijiji kina kiu. Hapo wakaingia watu wa sayansi ya jamii. Walikaa na familia na kuuliza maji yanagawanywaje nyumbani, nani anaamua, na uso mmoja unadhaniwa unahitaji maji kiasi gani. Ikaonekana kwamba watu walikadiria maji mengi kuliko yanayohitajika. Maonyesho ya wazi kijijini yakawathibitishia kuwa maji kidogo tu yanaosha nyuso nyingi. Matokeo ya jaribio lililochapishwa mwaka 1995 yalionyesha kuwa vijiji vilivyopata dawa pamoja na kampeni ya kuosha nyuso vilibaki na watoto wachache zaidi wenye trakoma kali kuliko vijiji vilivyopata dawa peke yake.

Hayo ya Kongwa yalisafiri. Leo mkakati wa Shirika la Afya Duniani dhidi ya trakoma una miguu minne: upasuaji wa kope, dawa, usafi wa uso na mazingira bora. Dawa yenyewe, azithromycin, hutolewa bure na kampuni ya Pfizer kupitia mpango wa kimataifa ulioanzishwa mwaka 1998, na Tanzania ilikuwa kati ya nchi za mwanzo kuipokea. Malawi, majirani zetu, walithibitishwa mwaka 2022 kuwa wameitokomeza trakoma kama tatizo la afya ya jamii.

Sasa hesabu digrii zilizomo humo. Daktari wa macho, ndiyo. Pia kuna mhandisi wa maji, mtu wa sosholojia, mtu wa ugavi anayehakikisha dawa iliyotoka ng'ambo inafika mwisho wa barabara ya vumbi kabla haijaisha muda, na mtu wa takwimu anayechagua vijiji vya kupima. Ukimtoa mmoja, mguu mmoja wa meza unavunjika.

Mfano wa pili: lawalawa

Huu ni mfano mgumu, lakini mtu wa Singida akiukwepa atakuwa anaongea nusu. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015/16 ulionyesha kuwa asilimia 31 ya wanawake wa Singida wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 10.

Ukisikia namba hizo, jibu la haraka ni "elimu itolewe" au "sheria ifuate mkondo wake". Sheria ipo. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 ilifanya kumkeketa msichana wa chini ya miaka 18 kuwa kosa la jinai, na kifungo chake ni kati ya miaka 5 na 15. Lakini tafiti zilizofanyika kanda ya kati zimekutana na jambo ambalo sheria haikulitazamia: lawalawa.

Lawalawa ni jina linalotumika kwetu kwa muwasho, uchafu na maambukizi ya sehemu za siri au njia ya mkojo kwa watoto. Kwa lugha ya zahanati ni maambukizi ya kawaida. Hupona kwa dawa, na huzuiwa kwa usafi na maji. Lakini miaka ile serikali ilipoanza kukemea ukeketaji, imani ilienea kwamba lawalawa ni ugonjwa wa mila, kwamba dawa za hospitali haziuwezi, na kwamba tiba yake ni kukeketa. Baadhi ya wazee waliohojiwa na watafiti walieleza wazi kwamba zamani ugonjwa huo haukuwapo. Kwa maneno mengine, desturi iliyokuwa ya unyago ilivaa koti la matibabu. Na kwa kuwa lawalawa humpata hata mtoto mchanga, umri wa kukeketwa ukashuka. Kichanga hakifanyiwi sherehe, hakisemi shuleni, na mwenyekiti wa kijiji hana habari.

Tazama vizuri kilichotokea hapo. Mama anayempeleka mtoto kwa ngariba kwa ajili ya lawalawa hajioni kama mkatili. Anaona anatibu. Ukimtisha kwa jela atajificha zaidi. Ukimpa semina ya haki za binadamu peke yake, atarudi nyumbani mtoto bado anajikuna. Anachohitaji kwanza ni muuguzi anayelitambua jina lawalawa bila kucheka, atakayemtibu mtoto yule apone mbele ya macho ya mama. Hapo imani inapoteza mguu. Baada ya hapo sheria na elimu vina mahali pa kusimama.

Kulijua hilo kunataka mwanahistoria wa kueleza imani ilizaliwa lini, mtu wa lugha anayekijua Kinyaturu, mwanasheria anayejua sheria inavyokwepwa, na mtu wa mawasiliano. Wewe unayesoma Kiswahili au historia na unaambiwa digrii yako "haina soko", jiulize: nani mwingine angeweza kuligundua hilo?

Mfano wa tatu: mahindi yaliyoua

Mwaka 2016 familia za mikoa ya Dodoma na Manyara, pande zote mbili za sisi watu wa Singida, zilianza kupata homa ya manjano ya ajabu: macho njano, tumbo kuvimba, kutapika. Ilipochunguzwa, watu 68 walikuwa wameugua na 20 wamefariki. Hakukuwa na virusi wala mbu wa kulaumiwa. Ilikuwa sumukuvu, sumu inayotengenezwa na kuvu kwenye mahindi na karanga, nayo huharibu ini. Kenya walikuwa wamepitia msiba mkubwa zaidi wa aina hiyo mwaka 2004, ambapo watu 317 waliugua na 125 wakafa, hasa Makueni na Kitui.

Hakuna chanjo ya sumukuvu. Kupika hakuiondoi. Kinga yake iko shambani na ghalani: kuvuna kwa wakati, kuanika juu ya turubai badala ya udongo mtupu, kukausha vizuri, kuchambua punje zilizooza, na kuhifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Mwanafunzi wa kilimo anayejua hayo anaokoa maini ya watu bila kuvaa koti jeupe.

Lakini kuna swali la pesa pia. Mkulima mwenye gunia tatu na mtoto anayedaiwa ada hatatupa punje zilizooza. Nyingine atauza, nyingine atapikia pombe. Mchumi anapaswa kueleza nani atafidia hasara hiyo. Swali kama hilo lipo kwenye alizeti yetu. Kanuni za mwaka 2011 zilitaka mafuta ya kula yaongezwe vitamini A. Kiwanda kikubwa kinamudu. Mashine ndogo za kukamua pale Singida mjini, zinazouza mafuta kwa madumu kando ya barabara, zitanunua vipi kifaa cha kuchanganyia na nani atapima? Mtu wa biashara na mtu wa uhandisi wakikaa na mtu wa lishe, hapo tasnifu nzuri inapatikana.

Namba zinazosafiri

Niseme sasa la fani yangu. Nilipokuwa fildi kwenye zahanati moja wilayani Mkalama, kazi niliyopewa ilikuwa kusaidia vitabu vya MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za uendeshaji wa huduma za afya. Kila mgonjwa anaandikwa kwenye rejesta. Mwisho wa mwezi muuguzi, akiwa ameshachoka na kliniki ya mama na mtoto, anakaa kuhesabu mistari na kujaza fomu ya muhtasari. Fomu inakwenda wilayani, inaingizwa kwenye mfumo wa kompyuta wa DHIS2. Mfumo huo chimbuko lake ni Chuo Kikuu cha Oslo na wenzao wa Afrika Kusini. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishiriki kuufanya ufae nchini kwetu, na ulienea nchi nzima mwaka 2013. Kutoka hapo namba zinapanda wizarani, na nyingine zinaishia kwenye ripoti za Geneva.

Pale ndipo nilipoelewa somo la takwimu kwa kulishika mkononi. Mambo mawili nitayataja.

La kwanza ni sanduku tupu. Kwenye fomu, sifuri ina maana hakuna aliyeugua. Sanduku lisilojazwa linaweza kumaanisha hakuna aliyeugua, au kipimo kiliisha, au muuguzi alikuwa likizo ya uzazi. Ukiyachukua yote kuwa sifuri, unapata kijiji chenye afya njema kwenye karatasi.

La pili ni kigawanyo. Asilimia ya chanjo ni watoto waliochanjwa kugawanya kwa watoto wanaotarajiwa kuwapo, ukizidisha kwa mia. Namba ya juu unaihesabu. Namba ya chini inakadiriwa kutokana na sensa. Zahanati iliyo mpakani inapokea watoto kutoka wilaya ya jirani, na wafugaji wanahama na mifugo yao. Matokeo yake kituo kimoja kinapata zaidi ya asilimia 100 na kingine kinaonekana kimelala, wakati watoto ni walewale. Darasani ningeyaita "makosa ya upimaji" na kuendelea na mhadhara. Kule niliona kwamba makosa hayo yanaamua chupa ngapi za chanjo zitaletwa mwezi ujao. Tangu hapo somo la sampuli nalisoma kwa jicho lingine, na hiyo ndiyo faida ya kwanza ya kuongeza afya ya dunia: digrii yako inapata swali la kujibu.

Nani anauliza swali?

Faida ya pili ni nzito zaidi. Kuzunguka Ziwa Eyasi, pamoja na sehemu za wilaya ya Mkalama, wanaishi Wahadzabe, watu wapatao elfu moja na ushei. Wamepimwa kila kitu. Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti wa nguvu ambayo miili yao hutumia kwa siku. Ulionyesha kuwa, ukizingatia ukubwa wa mwili, hawatumii zaidi ya watu wa Marekani na Ulaya ingawa wanatembea sana. Mwaka 2014 ukafuata utafiti wa bakteria wa matumbo yao. Tafiti hizo zimebadilisha mjadala wa unene na chakula katika nchi tajiri. Ni sayansi nzuri. Swali langu ni dogo tu: Wahadzabe wenyewe wangeulizwa ni utafiti gani ufanyike kwanza, wangetaja bakteria wa tumbo, au wangetaja ardhi, maji na zahanati?

Mfano wa upande mwingine upo si mbali. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom iko Mbulu, mkoa wa Manyara, na watu wa Mkalama huenda kutibiwa pale. Ilikuwa moja ya vituo vinane duniani vya utafiti ulioanza mwaka 2009 kuhusu maambukizi ya tumbo na utapiamlo kwa watoto. Vituo vingine vilikuwa Bangladesh, Brazil, India, Nepal, Pakistan, Peru na Afrika Kusini. Watoto walifuatiliwa tangu kuzaliwa, na ikaonekana kwamba mtoto anaweza kubeba vimelea tumboni bila hata kuharisha, na bado ukuaji wake ukadumaa. Jambo hilo linatuhusu moja kwa moja, maana utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa.

Nchi yetu ina milango ya kulinda haki katika tafiti: kibali cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa, NIMR, na kibali cha COSTECH. Lakini kibali kinazuia ubaya tu. Hakikuletei swali zuri. Swali zuri linaletwa na mtu anayeijua sehemu na amesoma. Tukibaki kuwa wakalimani na wabeba vifaa, maswali yataendelea kutoka ng'ambo, kama neno la Wamakonde lilivyosafiri bila Wamakonde.

Utaliongezaje bila kuumia?

Hatua ni hizi, na sijapanga nyingi.

1. Anza na tatizo moja la kwenu. Usianze na "afya ya dunia" yote. Chagua lawalawa, sumukuvu, ajali za bodaboda, maji yenye chumvi, chochote. Andika kwenye mstari mmoja: fani yangu inaweza kuongeza nini hapa?

2. Tumia kozi ya hiari. Vyuo vyetu vingi vinaruhusu kozi moja au mbili nje ya idara. Muulize mratibu wa shahada yako mapema, kabla dirisha la usajili halijafungwa. Epidemiolojia ya mwanzo, demografia, sosholojia ya tiba na uchumi wa afya ni milango mizuri.

3. Soma bure mtandaoni. Shirika la Afya Duniani lilianzisha jukwaa la kozi za bure la OpenWHO mwaka 2017, na mwaka 2024 likafungua rasmi chuo chake mjini Lyon, Ufaransa, chenye kozi za mtandaoni pia. Pakua video kwa waifai ya maktaba, utazame chumbani. Saa tatu kwa wiki zinatosha. Usikubali kulipia cheti cha tovuti usiyoijua.

4. Zoea ripoti za nyumbani. Ripoti ya utafiti wa afya na viashiria vya malaria ya mwaka 2022 inapatikana bure kwa Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Fungua jedwali lolote, tafuta mstari wa mkoa wako, ulinganishe na mikoa mitatu, kisha andika ukurasa mmoja wa kueleza tofauti. Zoezi hilo moja linafundisha kuliko slaidi mia.

5. Elekeza fildi na tasnifu huko. Mwanasheria anaweza kufanya fildi ofisi ya ustawi wa jamii, mhasibu hospitali ya wilaya, mtu wa kompyuta kitengo cha takwimu za afya. Gharama ni ileile.

6. Uzamili uje baadaye ukitaka. MUHAS ina skuli ya afya ya umma na sayansi za jamii. Taasisi ya Afya Ifakara, kwa kushirikiana na Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha, inafundisha uzamili wa utafiti wa afya ya jamii. Hapo digrii yako ya kwanza, ukiwa umeshajenga swali, itakupa nguvu.

Tahadhari

Nisiwauzie mbuzi kwenye gunia. Somo hili halikufanyi daktari. Ukirudi kijijini usianze kumpa mtu dawa kwa sababu una cheti cha mtandaoni.

Pili, usiliongeze kwa kufuata ajira za miradi. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kabla mwaka huo haujafika mbali USAID ilikuwa imefungwa. Vijana wengi wenye mikataba ya miradi ya UKIMWI na kifua kikuu walijikuta nyumbani. Mwenye digrii yake kamili ya uhasibu, sheria au kompyuta alikuwa na pa kushika. Ndiyo maana nasema ongeza, usibadilishe. Mhasibu mzuri anayeelewa afya anahitajika leo kuliko jana, hasa sasa ambapo nchi ina sheria ya bima ya afya kwa wote ya mwaka 2023 na inabidi tujue pesa ya matibabu itatoka wapi misaada ikipungua.

Tatu, jihadhari na lugha ya juu. Ukishasoma sana ni rahisi kurudi kwenu na maneno ya warsha. Mama wa Ikungi hajui "viashiria". Anajua mtoto hajapona. Ukishindwa kulieleza somo lako kwa Kiswahili cha kawaida mbele ya bibi yako, basi bado hujalielewa.

Maswali ya kujadili kwenye vikundi

1. Taja tatizo moja la afya la wilaya yenu. Chanzo chake kiko ndani ya wilaya, ndani ya nchi, au nje ya mipaka? Eleza.

2. Sheria ya mwaka 1998 haikutosha kuzuia ukeketaji wa vichanga. Ungekuwa mwanasheria, ungebadilisha nini? Ungekuwa muuguzi, je?

3. Zahanati inaripoti chanjo kwa asilimia 115. Toa maelezo matatu yanayowezekana, na useme utayahakiki vipi.

4. Mtafiti kutoka nje anataka kuchukua sampuli kijijini kwenu. Andika masharti matano ambayo ungetaka kijiji kimpe kabla ya kuanza.

Kikundi kitakachopata majibu mazuri ya swali la nne kiyapeleke kwenye serikali ya kijiji cha mmoja wenu likizo hii. Yatafaa zaidi huko kuliko kwenye daftari.